Mkanda wa nyuma ya pazia

Mwaka 1991 nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimemaliza kidato cha nne na sina pa kwenda, nikawa nashinda dukani kwa mjomba Magomeni. Alikuwa anakodisha mikanda ya video. Tanzania Bara wakati huo haikuwa na kituo hata kimoja cha televisheni, na mwenye deki mtaani alikuwa anaamkiwa na watu waliomzidi umri. Kazi yangu ilikuwa kurudisha mikanda mwanzo, maana wateja walikuwa wanaturudishia ikiwa imesimama katikati ya ngumi ya Bruce Lee. Unauchomeka mkanda, unabonyeza, unasikiliza mvumo mpaka deki ipige "tak", unautoa ukiwa na joto kama andazi.

Rafu za mbele zilikuwa za karate na za Kihindi. Kule nyuma palikuwa na pazia la kitenge, na nyuma ya pazia palikuwa na picha za X. Wanaume waliokuwa wanazifuata hawakuzitaja kwa jina. Walikuwa wanakohoa. Mjomba anaingia, anatoka na kitu kimefungwa kwenye gazeti la jana, na bei yake ni mara tatu ya karate.

Siku moja nikiwa nafagia huko nyuma nilisoma majina kwenye makasha. Nikamuuliza: "Mjomba, hawa akina dada wa kwenye makasha wanapata chochote kila tunapokodisha?"

Alicheka mpaka akakaa. "Wapate kwa nani, kwangu mimi? Hata kama wako hai sijui. Hebu rudisha mikanda huko."

Nimekuwa mhariri wa filamu kwa zaidi ya miaka ishirini sasa, na swali lile halijanitoka. Mwezi uliopita lilirudi kwa mlango mwingine. Alikuja binti kwenye chumba changu cha kuhariria pale Sinza, amejifunga mtandio mpaka machoni, akaamkia, akasema anataka kujifunza kazi. Nilimjua. Aliwahi kuigiza kwenye filamu tatu nilizozihariri, na miaka miwili iliyopita mtu aliyemwamini alisambaza video yake ya faragha, ikazunguka nchi nzima kwenye simu. Tangu hapo hakuna mwongozaji aliyempigia. Nikamwambia aje Jumatatu. Alipotoka tu, fundi wetu wa sauti, mzee ninayemheshimu sana, akanivuta pembeni: "Mama, utamweka huyo hapa? Wateja watasemaje?"

Siku ile nilikosa la kumjibu. Namjibu leo, na nitaanzia mbali kidogo, New York.

Mwaka 1950 alizaliwa Brooklyn mtoto wa kike aliyeitwa Candice Vadala. Baba yake alikuwa mpiga ngoma wa jazi; mama aliondoka nyumbani mtoto angali mchanga. Binti alisomea sanaa, akaimba, na mwaka 1972 akahamia San Francisco, akawa anapanda jukwaani na vikundi vya maigizo vya kule. Uimbaji haukumlipa kodi ya nyumba. Kuanzia mwaka 1975 akaingia kwenye filamu za ngono, akajipa jina la Candida Royalle, na katika miaka kama mitano akaonekana kwenye filamu zipatazo 25. Ya mwisho kubwa, Blue Magic, aliiandika yeye mwenyewe.

Kabla msomaji hajaniandikia barua: siitetei biashara hiyo. Sheria yetu ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inakataza kuchapisha ponografia, dini zetu zimeshasema, na mimi binafsi sina hamu ya kuziona. Wala simlinganishi binti wangu na Royalle. Royalle alikwenda kazini akalipwa. Binti huyu aliibiwa. Ila wote wawili walikuja kuugonga mlango uleule, mlango wa chumba cha nyuma ya kamera, na waliokuwa ndani wakajibu yaleyale.

Malipo ya kazi ile yalikuwa hivi. Mwigizaji analipwa kwa siku, kama kibarua wa zege. Jioni anapokea fedha, anasaini karatasi, anaondoka. Filamu ikionyeshwa majumba mia moja, ikihamishiwa kwenye mkanda, ikikatwakatwa ikaunganishwa na nyingine na kupewa jina jipya, yeye hamo. Na kwa kuwa biashara yenyewe ilikuwa nusu gizani, hakuwa na pa kushitaki. Ni mwaka 1988 tu, katika kesi ya mtayarishaji aliyeitwa Harold Freeman, mahakama ya juu kabisa ya jimbo la California iliamua kwamba kumlipa mtu aigize filamu kama hizo si kosa la ukuwadi. Kabla ya hapo mwenye kampuni alikuwa anajificha, na mtu anayejificha hakupi nakala ya mkataba.

Mfano unaojulikana zaidi ni wa Linda Boreman, ambaye dunia ilimwita Linda Lovelace. Filamu aliyoigiza mwaka 1972, Deep Throat, iliingiza fedha nyingi kupita kiasi. Malipo yake yeye yanatajwa kuwa dola 1,250, na alisema ziliishia mikononi mwa mumewe. Mwaka 1980 alitoa kitabu akieleza kwamba mume huyo alimpiga na kumlazimisha, na baadaye akatoa ushahidi mbele ya tume ya serikali ya Marekani, ile iliyotoa ripoti yake mwaka 1986. Wanawake waliopinga filamu hizo walimshika mkono. Waliobaki kwenye fani walimwita mwongo. Mimi namwamini, na nikimsoma Royalle sioni sababu ya kuacha kumwamini. Mmoja alikuwa mtumwa wa mumewe, mwingine alikuwa kibarua, lakini picha za wote wawili zilikuwa mali ya mtu mwingine.

Royalle alipoacha kuigiza alikuwa ameshaolewa na Msweden, Per Sjöstedt, mtu wa filamu ambaye baba yake naye alikuwa kwenye biashara ya filamu Ulaya. Akarudi New York. Akawa anaandika kwenye magazeti ya wanaume, akitafuta njia ya kukaa sawa na nafsi yake. Mwaka 1983 mwigizaji mwenzake mmoja, Veronica Hart, alikuwa mjamzito. Wenzake wakakusanyika kumpongeza kabla hajajifungua, kama wanawake wafanyavyo popote. Walikuwapo Annie Sprinkle, Veronica Vera, Gloria Leonard na Royalle. Zawadi zilipokwisha kufunguliwa hawakuondoka. Walianza kuzungumza mambo ambayo hawakuwahi kumwambia mtu, wakakubaliana wakutane tena. Wakajiita Club 90, kwa namba ya jengo alilokuwa anaishi Sprinkle, 90 Lexington Avenue. Kwetu tungekiita kikoba, ila hisa zake zilikuwa maneno. Mwaka uliofuata wakapanda jukwaani kwenye ukumbi wa sanaa wa Franklin Furnace, wakaigiza kikao chao chenyewe: sebule, viti, wanawake wanaongea.

Mwaka huohuo, 1984, Royalle na rafiki yake mpiga picha wakaanzisha kampuni, Femme Productions. Mtaji ulitoka kwa mume na ukweni. Nalisema hili bila kuzunguka, kwa sababu hadithi za wanawake waliofanikiwa hupenda kuficha nani alitoa hela ya kwanza. Asingepata baba mkwe mwenye mkoba angekuwa na wazo zuri, basi.

Wazo lenyewe lilitegemea kitu kilekile nilichokuwa nakichomeka Magomeni, yaani mkanda. Kabla ya video, filamu hizo zilikuwa zinatazamwa kwenye majumba ya Mtaa wa 42 wa New York, mahali ambapo mwanamke mwenye akili zake hapiti peke yake usiku. Deki ilipoingia sebuleni, mwanamke naye akawa mteja, pamoja na mume wake. Wasambazaji walikuwa hawataki kusikia. Wanawake hawatazami, walisema. Royalle akajibu kwamba hawatazami kwa sababu hakuna aliyewahi kuwauliza wanataka kuona nini.

Hapa niruhusiwe kuongea kama fundi. Aliyewahi kukaa kwenye mashine anajua kwamba hadithi haiko kwenye kinachotendeka, iko kwenye sura ya anayetendewa. Mtu akipigwa kofi kwenye filamu, ukimwonyesha mpigaji tu umetengeneza ugomvi. Ukikata kwenda kwenye jicho la aliyepigwa umetengeneza msiba. Filamu za fani ile zilikuwa zimekwama kwenye ugomvi. Kamera ilikuwa inamganda mwanamke vipande vipande kama nyama buchani, na mwanaume hana sura. Na kila tendo lilikuwa lazima liishie kwenye picha moja ya mwanaume, ambayo wenye fani waliiona kama muhuri wa kuthibitisha kwamba mzigo umefika. Royalle aliitoa. Akataka muswada wenye watu wanaojuana, akapenda kuchukua wapenzi wa kweli, akaipeleka kamera usoni. Ukimwi ulipoanza kuua, alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuweka kondomu kwenye filamu zake. Halafu akawapa kamera wenzake wa Club 90: Sprinkle na Vera wakaongoza, Leonard akaongoza.

Hart mwenyewe, ambaye jina lake halisi ni Jane Hamilton na alikuwa amesomea maigizo chuo kikuu, aliendelea kuwa mtayarishaji na mwongozaji kwa miaka mingi. Hollywood ilipotengeneza Boogie Nights mwaka 1997, filamu kuhusu watu wa fani hiyo, walimpa nafasi ndogo: hakimu kwenye kesi ya mama, mwigizaji wa filamu za ngono, anayedai haki ya kumwona mwanawe. Uamuzi unakwenda kinyume na mama. Aliyevaa joho ni mtu aliyewahi kukaa upande wa pili wa meza ile. Nimelitazama tukio hilo mara nyingi, na kila mara namwangalia hakimu.

Maisha ya Royalle nyuma ya kamera hayakuwa harusi. Ndoa ilivunjika. Wapinzani wa fani walimwona msaliti wa wanawake, na wenye fani walimwona mama mwenye mahubiri anayewaharibia soko. Alijiunga na mashirika ya kutetea uhuru wa kusema, akaandika kitabu, akatengeneza vifaa vya faragha vya wanawake, na mpaka mwisho magazeti yakimwandika yalianza na "mwigizaji wa zamani wa filamu za ngono". Miaka mitano mbele ya kamera. Zaidi ya ishirini na mitano nyuma yake. Nani aliyewahi kumwita mhandisi "muuza karanga wa zamani"?

Kuna mradi wake mmoja unaonigusa kama Mwafrika. Mwaka 2007 kampuni yake ilitoa filamu iliyolenga wanawake weusi, ikaongozwa na mwanamke mweusi aliyejiandika kwa jina la Venus Hottentot. Hilo ndilo jina Wazungu walilompa Saartjie Baartman, mwanamke wa Kikhoi kutoka Afrika Kusini, walipomwonyesha London mwaka 1810 watu wakilipa kiingilio kumtazama mwili. Wapinga utumwa walikwenda mahakamani kumtetea, na upande wa pili ukajibu kwa kutoa karatasi: upo mkataba, amekubali, anapata mgawo wake. Kesi ikaishia hapo. Alifariki Paris mwaka 1815, na mabaki yake yakawa maonyesho ya makumbusho mpaka miaka ya 1970. Alirudishwa kwao mwaka 2002. Karatasi ile ya mwaka 1810 ingetakiwa ibandikwe kwenye kila ofisi ya usambazaji wa filamu, pamoja na zetu.

Pamoja na zetu, ndiyo. Mwaka 2008 niliweka jasho langu na akiba yangu kwenye filamu moja ya Kiswahili. Nilikuwa mhariri na mtayarishaji mwenza. Tukaipeleka Kariakoo kwa msambazaji. Mkataba ulikuwa ukurasa mmoja na nusu. Tulipokea fedha ya mkupuo, tukasaini kuachia haki zote, za sasa na za baadaye, na tulifurahi, maana tulikuwa na madeni. Miezi minane baadaye nasafiri kwa basi kwenda Mwanza, kondakta anaweka filamu: ni yetu. Basi zima linacheka pale nilipotaka wacheke. Nikawa nasubiri mwisho nione jina langu. Halikuja, mwisho ulikatwa, pakawekwa matangazo ya filamu nyingine. Kufika Singida akairudia tangu mwanzo. Waigizaji wetu walikuwa hawaonyeshi hata goti, wamevaa madera na suti. Mkataba wao na wa yule dada wa kwenye kasha la Magomeni ungeweza kuchapwa kwa mashine moja.

Sheria ya hakimiliki tunayo tangu 1999. Lakini sisi tukiona mwanamke wa filamu, hoja inaanzia kwenye sketi yake na kuishia kwenye sketi yake. Sijawahi kusikia kipindi cha redio, na nasikiliza redio kutwa, kinachouliza mwigizaji yule alisaini nini.

Na mkasi una mwisho wake pia, mzee wangu wa sauti, sitakudanganya. Royalle aliimiliki Femme, lakini zile filamu 25 hakuwahi kuzimiliki. Zilihamia kwenye mkanda, kutoka kwenye mkanda zikaenda kwenye diski, kutoka kwenye diski zikaingia mtandaoni, na kila zilipohama alilipwa mtu mwingine. Alifariki Septemba 2015 nyumbani kwake Mattituck, jimbo la New York, kwa saratani ya ovari, akiwa na miaka 64. Shajara alizoanza kuziandika akiwa bado msichana, barua na karatasi zake za kazi ziko leo Chuo Kikuu cha Harvard, kwenye Maktaba ya Schlesinger inayotunza historia ya wanawake wa Marekani. Mwanahistoria Jane Kamensky alizipekua akaandika juu yake kitabu kinene kilichotoka mwaka 2024. Mtu ambaye mjomba wangu angemficha nyuma ya pazia anasomwa na maprofesa.

Binti wangu alianza Jumatatu kama tulivyokubaliana. Nimempa harusi, kwa sababu harusi ndiyo inayolipa umeme wa chumba hiki. Hii ilikuwa ya Mbagala, saa nne na dakika kumi za picha, kamera mbili, moja haina sauti. Siku ya kwanza alijua kufungua faili. Siku ya nne anajua kwamba herufi C kwenye kibodi ndiyo wembe, na ana mkono mwepesi. Anakata kabla mtu hajapepesa, pale hasa ninapokata mimi. Mzee wa sauti anakaa kiti cha nyuma na visikizi vyake masikioni, hasemi kitu. Jana alimsogezea kikombe cha chai.

Leo mchana ameita: "Mama, njoo uone." Shangazi wa bibi harusi anacheza mduara, amezama, na kanga inafunguka. Sekunde tatu hivi. Watu wanacheka, yeye anaidaka, anaifunga, anaendelea kama hakikutokea kitu. Ni tukio zuri, furaha ya shughuli nzima imo mle. Mimi ningeliacha bila kufikiri mara mbili.

"Niache au nikate?" aliuliza.

"Wewe unaonaje?"

Hakunijibu. Aliniomba namba ya mwenye harusi, akampigia akapata ya shangazi, akatoka nje kwenye korido. Nilimsikia: "Shikamoo shangazi. Naitwa fulani, nahariri video ya harusi ya mwanenu…" Alieleza taratibu, bila haya, sekunde kwa sekunde. Kisha akanyamaza anasikiliza, akacheka, akarudi akakaa.

"Amesema hapo kwenye kanga nikate," aliniambia, kidole kiko kwenye C. "Ila mduara wake nimwachie wote."

Mzee wa sauti akavua vile visikizi. "Basi na muziki usiuguse hapo," alisema. "Ngoja nikuungie."